Kwa Nini Aliyeshindwa Ndiye Huiona Njama

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya William Ruto kutangazwa mshindi wa urais wa Kenya, makamishna wanne wa Tume ya Uchaguzi, wakiongozwa na Juliana Cherera, waliwaita wanahabari jijini Nairobi. Walisema hawayatambui matokeo yaliyotangazwa na mwenyekiti wao, Wafula Chebukati. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa ya hesabu. Asilimia za wagombea wote wanne, walisema, zikijumlishwa zinafika 100.01. Hiyo 0.01 iliyozidi, kwa maelezo yao, ni kura kama 142,000, na kura nyingi hivyo si za kupuuzwa.

Chukua kikokotoo cha simu yako ufanye hesabu mwenyewe. Ruto alipewa kura 7,176,141. Raila Odinga 6,942,930. George Wajackoyah 61,969, na David Mwaure 31,987. Jumla ni 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ndiyo inayokaribia 142,000. Asilimia 0.01 ni kura kama 1,420 tu. Tena hata hizo 1,420 hazikuwahi kuwepo. Wajackoyah alipata 0.436 ikaandikwa 0.44, Mwaure 0.225 ikaandikwa 0.23, Raila 48.849 ikaandikwa 48.85, na ya Ruto nayo ikapandishwa kwa kiasi kidogo sana. Ukiziandika asilimia kwa tarakimu mbili baada ya nukta, na zote nne zikaangukia upande wa kupanda, jumla inazidi kidogo. Hakuna kura iliyoongezwa.

Hesabu ile ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa siku kadhaa, ikipitishwa na watu ambao kila mwezi hukokotoa riba za mikopo ya sako bila kupotea shilingi. Hawakukosa akili wala elimu. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu nadharia za njama huanza kwa kuuliza ni watu gani wajinga kiasi cha kuziamini, na swali hilo halitufikishi popote. Swali lenye faida ni kwa nini mtu aliye makini na fedha zake anaacha umakini huo mlangoni pale habari inapomhusu mgombea wake.

Upande wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, uliwacheka akina Cherera. Lakini ni upande huohuo uliokuwa umezunguka nchi kwa zaidi ya mwaka mzima ukisema kwamba kuna wakubwa wa usalama na utumishi wa umma, "deep state" kama walivyowaita, ambao wameshaamua nani ataingia Ikulu na kwamba Ruto ataibiwa kura. Siku alipotangazwa, wakubwa hao waliyeyuka kwenye mazungumzo. Hakuna aliyeeleza walikwenda wapi, au iweje watu wenye nguvu za kuamua kila kitu washindwe na kijikaratasi cha kura. Habari iliisha tu, kwa kuwa haikuhitajika tena.

Mambo matatu yanayochanganywa

Naitumia nadharia ya njama kwa maana hii: ni maelezo kwamba jambo kubwa limetokea kwa sababu watu wachache wenye uwezo wamepanga kwa siri, kwa manufaa yao, na kwamba kila ushahidi unaopinga maelezo hayo ni sehemu ya mpango uleule. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kushuku kwamba wakubwa wamepanga jambo si kosa, maana wakubwa hupanga mambo kila siku. Tatizo huanza pale shuku inapokosa mlango wa kutokea.

Uchaguzi wa 2017 unaonyesha jinsi mambo yanavyosokotana. Siku chache kabla ya kura ya Agosti 8, Chris Msando, msimamizi wa teknolojia ya habari katika Tume, alikutwa ameuawa huku mwili wake ukiwa na alama za mateso. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Siku iliyofuata kura, Raila alijitokeza na kurasa za kumbukumbu za mtambo akisema wadukuzi waliingia kwa kutumia utambulisho wa Msando na kupachika matokeo. Tume ilijibu kwamba jaribio la udukuzi lilikuwepo lakini halikufaulu, na kwamba kurasa zile hazikutoka kwenye mtambo wake. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru Tume ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo. Septemba 1, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ushindi wa Uhuru Kenyatta ukafutwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika.

Sasa tenganisha. Jambo la kwanza: uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa katiba na sheria, hasa katika kupeleka na kuhakiki fomu za matokeo. Hilo mahakama ilithibitisha. Jambo la pili: Tume ilikuwa na kitu ambacho haikutaka kionekane, na hilo lilionekana kwa macho. Jambo la tatu: kwamba mtambo ulipangwa kutengeneza rais, ndiyo ile kauli ya "vifaranga vya kompyuta" iliyoimbwa kwenye mikutano ya NASA, muungano wa Raila. Hilo mahakama haikulithibitisha, wala haikumtia Kenyatta hatiani kwa kosa lolote. Wafuasi wa NASA walichukua la kwanza na la pili wakalihesabia la tatu kuwa limethibitika. Na wafuasi wa Jubilee, chama cha Kenyatta? Walikuwa wameambiwa kwa wiki tatu kwamba waliokwenda kortini ni watu wasiokubali kushindwa. Hukumu ilipotoka, rais wao aliwaita majaji wakora, na kabla jua halijazama tayari ilikuwepo habari ya upande wao: majaji wamenunuliwa. Waliokuwa wakiwahubiria wenzao waheshimu taasisi walianza kuizushia taasisi palepale.

Kilichobadilika mchana ule ni kiti tu. Ushahidi kuhusu tabia ya binadamu au uaminifu wa majaji ulikuwa uleule wa asubuhi.

Machi 9, 2018 Kenyatta na Raila wakapeana mikono. Ruto, ingawa alibaki naibu wa rais, akajikuta nje. Kuanzia hapo unaweza kuiona lugha ya kuibiwa ikihama taratibu kutoka ufuoni mwa Ziwa Victoria kwenda Mlima Kenya na Bonde la Ufa. Waliokuwa wakisema polisi, makachero na watumishi wa umma ni wataalamu wanaofanya kazi zao sasa wakawaona ni genge la wapangaji. Waliokuwa wakiliita genge wakaanza kulitetea. Julai 2022, raia wa Venezuela aliyekuwa akifanyia kazi kampuni iliyopewa zabuni ya teknolojia ya uchaguzi alikamatwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa na vibandiko vya kuwekwa kwenye vifaa vya kura. Tukio ni moja. Azimio, muungano wa Raila mwaka huo, waliona mgeni aliyeingizwa kisiri kuja kuchakachua kwa faida ya Ruto. Tume ililalamika kwamba polisi wanawahangaisha watu wake, na wengi wa Kenya Kwanza wakaona hapo mkono wa serikali ukitaka kuvuruga Tume. Vibandiko vilevile vilitosha kubeba hadithi mbili zinazopingana kabisa.

Septemba 5, 2022, mahakama ileile, safari hii chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilikataa kesi ya Raila kwa kauli moja. Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa kwenye mtandao wa Tume, kila mwenye intaneti akiweza kuzisoma na kuzijumlisha. Mahakama iliagiza uchunguzi wa fomu zilizodaiwa kubadilishwa na haikuona tofauti ya maana kati ya zile za vituoni na zile za mtandaoni. Sehemu ya kumbukumbu za mtambo zilizoletwa kama ushahidi wa udukuzi ziligunduliwa kuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi. Mimi huona kwamba hapa ndipo tungejifunza zaidi, kama tungekuwa tayari. Mwaka 2017 malalamiko yalikuwa na mfupa ndani yake. Mwaka 2022 mfupa haukuonekana. Ila kiwango cha imani mitaani, wimbo wa "fungua seva", hasira, uhakika wa watu, havikupungua hata kidogo. Imani haikufuata ubora wa ushahidi.

Historia inayoipa shuku chakula

Asiyejua historia ya Kenya anaweza kuyasoma haya akadhani Wakenya ni watu wa kuzua. La hasha. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi mchana kweupe katikati ya Nairobi Julai 5, 1969. Aliyenyongwa kwa kosa hilo alikuwa Njenga mmoja, na swali la nani alimtuma limebaki mpaka leo. Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki alipotea. Gazeti liliandika kwamba yuko Zambia, kumbe mwili wake ulikuwa umeokotwa Ngong na umelala mochari bila jina. Februari 1990 mwili wa waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, ulikutwa umechomwa moto kilimani karibu na shamba lake la Koru, na upande wa serikali ukadokeza kwamba alijiua. Mkenya aliyeambiwa kwamba mtu anaweza kujipiga risasi na kujichoma moto mwenyewe, unataka aiamini taarifa ipi ya polisi baada ya hapo?

Mwaka 2007 ulifuata mkondo huo. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume aliyemtangaza Mwai Kibaki mshindi, alisema siku chache baadaye kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza, ilisema matokeo yaliharibika kiasi kwamba mshindi halisi hawezi kujulikana. Na ilisema jambo la pili ambalo hakuna chama kinachopenda kulikumbuka: udanganyifu ulifanyika kwenye ngome za pande zote mbili. Kila upande ulizikariri dhambi za mwenzake na kuzisahau zake.

Kwa hiyo shuku ya Mkenya ina asili. Lakini asili hiyo ni ya wote. Mauaji ya Mboya na Ouko yako kwenye kumbukumbu ya aliyempigia kura Ruto sawasawa na aliyempigia Raila. Kama historia peke yake ndiyo ingekuwa sababu, wote wangeshuku kila uchaguzi kwa kiwango kimoja. Hawafanyi hivyo. Historia inaipa shuku chakula, lakini chama ndicho kinachoiambia ielekee wapi, na kushindwa ndiko kunakoiamsha.

Cheti cha Mombasa

Mtu anaweza kusema huu ni ugonjwa wa nchi zenye tume dhaifu na mahakama changa. Basi tuitazame Marekani, ambako utafiti juu ya jambo hili umefanywa kwa muda mrefu. Joseph Uscinski na Joseph Parent, wanazuoni wa siasa, walichambua barua zaidi ya 100,000 za wasomaji zilizochapwa katika gazeti la New York Times kati ya 1890 na 2010, wakitafuta zile zenye madai ya njama. Waliona mtindo unaojirudia: rais akiwa Republican, madai mengi yanaelekezwa kwa Warepublican na matajiri wanaohusishwa nao. Akiwa Democrat, yanageuzwa kuelekea kwa Wademokrati, makomunisti na wenzao. Anayeshika madaraka ndiye anayeshukiwa. Walihitimisha kwamba nadharia za njama ni za walioshindwa, na hawakulisema kama tusi. Aliye nje ya madaraka ana kila sababu ya kumchunguza aliye ndani na kuwakusanya watu wake.

Chini ya George W. Bush, zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani waliohojiwa mwaka 2006 walisema inawezekana maofisa wa serikali walishiriki mashambulizi ya Septemba 11, 2001 au waliyaachia yatokee, na wafuasi wa Democratic walikuwa mbele sana kuliko Warepublican katika kusema hivyo. Kisha akaja Barack Obama, na ikawa zamu ya upande wa pili. Februari 2011, kura ya maoni miongoni mwa wapiga kura wa mchujo wa Republican iliwakuta asilimia 51 wakisema rais huyo hakuzaliwa Marekani.

Hadithi hiyo ya pili ilipita kwetu, na kwa msomaji wa Kiswahili ni rahisi kuona ilivyoshonwa. Mwaka 2008 mhubiri mmoja wa Kimarekani alimpigia simu Mama Sarah Obama kule Kogelo, mkalimani akiwa katikati. Katika mashaka ya tafsiri, bibi akaeleweka kana kwamba alisema alikuwepo mjukuu alipozaliwa. Walipouliza tena, jibu likawa wazi: alizaliwa Marekani, Hawaii. Sauti iliyosambazwa ilikatwa kabla ya jibu hilo. Agosti 2009 ikatokea karatasi iliyodaiwa kuwa nakala ya cheti cha kuzaliwa kutoka hospitali ya Coast General, Mombasa, yenye jina la Jamhuri ya Kenya na tarehe ya Februari 1964. Mtoto yeyote wa shule ya msingi Kenya anajua Jamhuri Dei ni ya nini. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, na ikawa jamhuri Desemba 12, 1964. Februari 1964 hapakuwa na Jamhuri ya Kenya ya kutoa cheti. Mamilioni ya watu walioishika hadithi hii hawakuwa na sababu ya kumuuliza Mkenya yeyote. Walichokihitaji kwenye karatasi ile walikuwa wamekipata kabla ya kuisoma.

Takwimu inayonigusa zaidi ni ya kituo cha Pew. Novemba 2020, Donald Trump akiwa ameshindwa, asilimia 21 tu ya waliompigia kura walisema uchaguzi uliendeshwa vizuri nchini mwao. Novemba 2024, Trump akiwa ameshinda, asilimia 93 ya wapiga kura wake walisema uliendeshwa vizuri. Nchi ni ileile, na sehemu kubwa ya sheria, mashine na maofisa wa kata ni walewale. Upande wa Democratic nao ulishuka, kutoka asilimia 94 hadi 84, na kwenye mitandao yao yakaanza kuzunguka madai kwamba setilaiti za Starlink zilitumika kubadilisha kura na kwamba mamilioni ya kura yamepotea.

Usiangalie kushuka tu. Angalia pia tofauti ya ukubwa. Kutoka 94 hadi 84 si sawa na kushuka mpaka 21. Wapo wanaopenda kusema "pande zote ni sawa" kisha wakakunja jamvi, na mimi sikubaliani nao. Roland Imhoff na wenzake, katika utafiti wa nchi 26 uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha watu zaidi ya 100,000, waliona kwamba tabia ya kufikiri kinjama huongezeka kwenye ncha zote mbili za siasa, ila kwa jumla zaidi kwenye ncha ya kulia, na kwamba wafuasi wa vyama vilivyo nje ya serikali wanayo zaidi. Katika baadhi ya nchi mzigo uko zaidi kulia. Kwingine uko zaidi kushoto. Tabia ni ya wote, lakini kiasi chake hutegemea nani ameshindwa, ameshindwa mara ngapi, na kiongozi wake amesema nini usiku ule.

Hilo la kiongozi lina uzito kuliko yote. Mwaka 2020 kushindwa peke yake hakukutosha kushusha imani mpaka 21. Rais aliyekuwa madarakani alisimama akasema ameibiwa, akaendelea kusema baada ya kesi zaidi ya 60 kushindwa mahakamani, na Januari 6, 2021 umati ukavamia bunge. Al Gore alishindwa mwaka 2000 kwa kura 537 za Florida, katika mazingira yenye utata kuliko hayo, lakini alipokubali hukumu ya mahakama wafuasi wake walikasirika na hawakuvamia kitu. Mfuasi wa kawaida hana muda wa kusoma fomu 46,000. Anamtazama mtu anayemwamini, na mtu huyo akisema "tumeibiwa", kazi ya kufikiri imeshafanywa kwa niaba yake. Kwa hiyo lawama kubwa zaidi naiweka juu ya jukwaa kuliko chini ya jukwaa.

Walio madarakani nao

Kanuni ya aliyeshindwa ina ufa wake. Washindi pia hubuni njama, hasa wanapohisi kiti kinatikisika. Trump alishinda 2016 na bado akadai kwamba mamilioni walipiga kura isivyo halali. Aliunda tume ya kuchunguza, na tume hiyo ikavunjwa Januari 2018 bila kuthibitisha dai hilo. Wafuasi wa Jubilee walioshinda mwaka 2013 waliziona kesi za mahakama ya kimataifa ya The Hague kama mpango wa Wazungu na wapinzani wa ndani kuwaondoa viongozi wao. Na katikati ya mwaka 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na kuingia bungeni Juni 25, Rais Ruto alilitaja shirika la Ford Foundation kwamba linafadhili vurugu. Shirika lilikana. Ni Ruto huyohuyo aliyejijengea umaarufu kama hasla, mtu wa chini anayejitafutia, anayepigwa vita na wakubwa wa siri.

Naona jambo moja linaloziunganisha habari za walioshindwa na hizi za walioshinda. Kila mojawapo inamwondolea msemaji haja ya kumsikiliza mwenzake. Ukisema kijana aliyekuja barabarani na chupa ya maji na bendera amelipwa na wageni, huna haja ya kujibu swali lake kuhusu ushuru wa mkate. Ukisema mkulima wa Meru hakumpigia Ruto ila seva ndiyo iliyompigia, huna haja ya kujiuliza kwa nini mkulima huyo hakukupenda. Hapo ndipo madhara yalipo. Upotofu wa habari wenyewe ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba watu wanaacha kuwepo, wanageuzwa vibaraka wa mtu asiyeonekana.

Tena lazima nikiri kuwa si kila anayeitikia "ndiyo, tuliibiwa" anaamini kwa undani. Wapo wanaolisema kama anavyopiga kelele shabiki wa Gor Mahia kwamba refa amehongwa, huku moyoni akijua mshambuliaji wake alikosa goli la wazi. Kura za maoni haziwezi kuwatenga hao kirahisi na wale walio tayari kuchoma duka la jirani. Lakini wa kundi la kwanza ndio wanaompa wa kundi la pili hewa ya kupumua.

Njama za kweli hutoka vipi

Sipendi makala yanayoishia kuwafundisha watu kuamini serikali. Njama zipo. Kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa njama kamili: serikali ililipa fidia kwa kampuni iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya haichimbi almasi, na mabilioni ya shilingi yakatoka. Ungeliambiwa hivyo mwaka 1991 ungesema ni uzushi wa wapinzani.

Lakini tazama ilivyotoka. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu. Karatasi za malipo zilipita mezani pake, akaona hazilingani, akazitoa nakala, zikafika kwa wabunge. Alipoteza kazi, akaishi kwa taabu, akafariki mwaka 2006 bado maskini. Njama ya kweli ilikuwa na kampuni yenye jina, malipo yenye tarehe, kiwango cha fidia kinachojulikana, na mtu mdogo aliyeona kwa macho yake. Kadiri miaka ilivyokwenda ushahidi uliongezeka, mpaka tume ya Jaji Bosire ikakaa na kuanika mambo hadharani. Nadharia zisizo na mfupa huenda kinyume chake. Mwanzo wanaoziamini wana kurasa za mtambo. Kurasa zikionekana za kughushi, wanasema halisi zimefichwa. Zikifunguliwa fomu zote, wanasema fomu zenyewe zimeandikwa upya. Majaji wakizikagua, wanasema majaji nao wameingizwa kwenye mpango. Idadi ya watu wanaotakiwa kunyamaza inaongezeka kila hatua: makarani wa vituo zaidi ya 46,000, mawakala wa vyama waliotia saini, maofisa wa kaunti, majaji saba. Munyakei alikuwa mmoja tu, na Goldenberg nzima ilishindwa kumnyamazisha.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uwazi wa fomu 34A ulikuwa hatua kubwa hata kama haukuwatuliza watu usiku ule. Anayeshuku kwa haki alipewa kitu cha kushika. Yapo mashirika ya habari yaliyoanza kujumlisha yakaacha katikati bila maelezo ya kuridhisha, na jambo hilo liliumiza sana, maana ukimya wao uliacha pengo ambalo uvumi uliingia bila kubisha hodi. Wangemaliza kujumlisha, wasingemgeuza kila mtu, lakini wangempa yule aliye katikati, anayetaka tu kujua, mahali pa kusimama.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Baada ya Chebukati kumaliza muda wake Januari 2023, Tume ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna zaidi ya miaka miwili, mpaka timu mpya chini ya Erastus Ethekon ilipoapishwa Julai 2025. Ramani ya vyama imevurugika tena: Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais na mkali dhidi ya waliodai seva, aliondolewa na bunge Oktoba 2024, na sasa yeye ndiye anayewaonya watu wake kuhusu kuibiwa. ODM, chama alichokiongoza Raila, iliyoimba "fungua seva", iliingia serikalini. Ukitaka kupima uzito wa lolote utakaloambiwa kuhusu Tume hii mpya, mtafute msemaji huyohuyo kwenye rekodi za 2017 na 2022, usikilize alisema nini kuhusu seva, fomu na majaji alipokuwa ameketi upande ule mwingine.